Filamu ya Yatima pale Dilala

Watu walikuwa wakisukumana mlangoni mwa ukumbi wa parokia ya Dilala, mjini Kolwezi, siku padri alipoonyesha tena ile filamu ya zamani ya mtoto yatima anayeimba. Katika purukushani kiatu cha Mushiya kikachomoka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola, akakiokota na kukiinua juu.

"Mama, hii mutoto ni ya kwako?"

Mushiya akacheka kabla hata hajamjua. Kijana aliitwa Numbi, fundi umeme mgodini. Wakakaa benchi moja. Wote wawili walikuwa wameiona filamu ile utotoni, humo humo ukumbini. Numbi aliimba kila wimbo, akikosea sauti bila aibu. Mushiya, aliyelelewa na mama mdogo wake Bilonda tangu wazazi wake wafe, alijikuta analia pale tajiri alipomchukua yule mtoto.

"Unalia nini? Si amepata tata, baba wa kumulea?"

"Ni pale pale inaniuma. Zamani nilisadiki. Nilikuwa nangojea tajiri wangu."

"Mi siko tajiri," akasema Numbi, "lakini niko."

Wakapendana tangu hapo. Kila jioni Mushiya alimpigia simu kazini kutoka duka la vitenge alikouza, na mwenye duka akajifanya hasikii.

Kisha vijana wa Katanga, wenyeji kama Numbi, wakaanza kupita barabarani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Mushiya alizaliwa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nyumba ya jirani ilipochomwa, alikimbilia simu.

"Numbi haiko," ikajibu sauti ngeni. "Usipige tena hapa."

Akaamini ametupwa. Yeye na mama Bilonda wakaenda stesheni na godoro lao, wakalala chini ya turubai mvua ikinyesha, mama akiharisha, treni haiji.

Siku treni ilipofika, Numbi naye akatokea, jicho limevimba, shati limechanika.

"Nilikutafuta ku nyumba, ku mashule kwenye bakimbizi banalala, kila fasi! Yaya Kyungu, ndugu yangu mukubwa, alinifungia mu nyumba nisikufuate, akanipiga."

"Banasema hauko. Nikazani umenikataa."

"Nikukatae weye? Bakia, sheri, mupenzi wangu. Nikuoe leo."

"Nibakie wapi? Bataunguza nyumba yako, na mama atakufa peke yake."

"Basi tunaenda wote."

Mushiya akampandisha mama Bilonda, naye akapanda. Numbi akashika mlango wa behewa. Wanaume waliokuwa ndani, nao wana majeraha yao, wakamsukuma chini.

"Mukatanga, shuka! Mumetufukuza, sasa munatufuata?"

Mushiya akawasihi, akawashika mikono, hakuna aliyemsikiliza. Behewa likatikisika, likaanza kwenda. Numbi akakimbia kando yake.

"Kule utafikia kwa nani? Nitauliza nani?"

Mushiya hakuwahi kuiona Mbuji-Mayi, mji wa Kasai walikokuwa wakipelekwa. Hakujua mtaa hata mmoja, wala mjomba, wala shangazi. Mama Bilonda alilala miguuni pake, midomo imekauka, hawezi kusema.

"Uliza Mushiya!" akapaza sauti.

Alijua kule akina Mushiya wamejaa kila kona. Hata hivyo akaendelea kulitaja jina lake, mpaka Numbi akawa haonekani tena.