Fundi Haulizi Tundu

Sisi mafundi cherehani tuna kanuni moja: fundi haulizi tundu limetoka wapi. Mteja akikuletea suruali iliyopasuka makalioni, unamtajia bei na siku ya kuja kuichukua. Humuulizi alikuwa anaruka ukuta wa nani. Kanuni hiyo niliirithi kwa mama pamoja na cherehani yake, na ndiyo iliyonifanya nitende jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Nawakasirikia wao. Najikasirikia na mimi.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye geti la jumba la makumbusho, kikapu cha nyuzi mkononi. Ilikuwa siku ya sita ya kazi na nilibakiza shati moja tu. Kesho yake asubuhi ndiyo ufunguzi.

Jumba lenyewe zamani lilikuwa shule. Miaka ishirini na saba iliyopita, wakati wa vita, watoto kumi na mmoja waliuawa kwa risasi pale uwanjani. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumbani tulimwita Sisimizi kwa sababu hakujua kukaa kitako. Maiti walizikwa mahali ambapo wazazi hawakuonyeshwa. Sasa ukutani wamepigilia kibao cha shaba: "Walipoteza maisha walipowavamia askari waliokuwa wakilinda mtaa."

Walipowavamia! Watoto wenye madaftari kwapani!

Kwa maneno hayo, yaliyosemwa tangu siku ile, mama yangu alinyooshewa vidole kama mzazi wa jambazi. Wanawake aliowashonea nguo za harusi walihamia kwa fundi mwingine. Na kwa miaka yote hiyo ameuliza swali moja tu: mwanangu alikuwa anawaendea, au alikuwa anakimbia? Aliuliza ofisi hii, akaambiwa aende ile. Hakuna aliyemjibu.

Utaniuliza, kazi ile niliikubali ya nini? Niliikubali kwa sababu niliambiwa mashati ya watoto yamepatikana kwenye stoo ya polisi. Nilitaka kulishika la mdogo wangu kabla halijafungiwa kwenye kioo. Ningelijua tu. Kifungo chake cha tatu kilikuwa cheusi, mama alikitoa kwenye koti la baba.

Mkurugenzi wa jumba alikuwa ananitolea mashati mawili kwa siku. Agizo lake lilikuwa fupi. Ziba matundu yote, uzi kwa uzi, pasionekane kitu, piga pasi. "Wageni wasishtuke," alisema. Nikalaza kila shati kifudifudi, nikaziba mgongoni, nikaligeuza, nikaziba kifuani. Kumi niliyaziba hivyo. Sikuyatazama zaidi ya pale sindano ilipoingia. Nilikuwa natafuta kifungo cheusi, na sikukiona.

Jioni ile mlinzi alinifungulia mlango. Tunamwita Mzee Tochi, maana hata saa sita mchana anatembea na tochi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Fanya haraka leo." Akashusha sauti. "Mle ndani... pananuka chaki."

"Shule lazima inuke chaki, mzee."

"Ubao wa mwisho tuling'oa miaka kumi iliyopita, mwanangu."

Nilicheka. Nikaingia.

Chumba changu cha kazi kilikuwa darasa la mwisho ukumbini. Nikawasha taa. Mashati kumi yalikuwa mezani nilivyoyaacha, yamekunjwa, kola juu. La kumi na moja lilikuwa pembeni, ndani ya bahasha ya kaki. Nikavuta kiti. Nikachukua shati la juu nihakikishe pasi imekaa.

Kidole changu kikapita ndani ya tundu.

Nikachukua la pili. Tundu. La tatu... tundu. Yote kumi yalikuwa wazi, mgongoni na kifuani. Kazi ya siku tano! Wala hayakuwa yamekatwa kwa mkasi. Mtu alikuwa amefumua mshono mmoja mmoja kwa subira, bila kuharibu uzi hata mmoja wa kitambaa.

"Mzee Tochi!" nikaita kwa hasira. "Nani ameingia humu?"

"Hakuna mtu," akajibu kwa mbali. "Ufunguo ninao mimi."

Hapo ndipo nilipoiona bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa cherehani. Ilikuwa katikati ya meza, imejaa uzi mweupe, uzi wangu niliozibia. Nikaishika. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Na ilikuwa imezungushwa kushoto.

Fundi yeyote huzungusha bobini kulia, ndivyo alivyofundishwa. Duniani nimemjua mtu mmoja tu aliyezungusha kushoto. Alikuwa anakaa chini ya meza ya mama akitoka shule, anamjazia bobini, na kila siku anagombezwa. "We Sisimizi, utaniharibia mashine!" Naye anacheka, kesho anarudia vilevile.

Nikairudisha mezani polepole.

Harufu ya chaki ikaja. Kavu, ya kukereketa koo. Kisha ukumbini nikasikia viatu... vingi... vya watoto. Vilikuwa vinakimbia. Vilipita mlangoni kwangu, na pamoja navyo zikapita pumzi za watu waliochoka kukimbia. Mlango ulikuwa wazi. Sikuona mtu.

Vikasimama vyote kwa pamoja.



Halafu chini ya meza, karibu na magoti yangu...

"Dada... usituzibe."

Sikupiga kelele. Sikuinama kutazama chini ya meza. Nilifungua bahasha, nikalitoa shati la kumi na moja.

Kifungo cha tatu kilikuwa cheusi.

Nikalilaza chini ya taa, na safari hii nililitazama. Ukitoboa kitambaa kwa sindano, nyuzi huifuata sindano inakokwenda. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza kwenye cherehani analijua hilo. Mgongoni mwa shati la mdogo wangu nyuzi zilikuwa zimeingia ndani. Kifuani zilikuwa zimetoka nje. Nikavuta jingine. Mgongoni ndani, kifuani nje. Nikavuta jingine na jingine, mpaka yote kumi. Hakuna hata shati moja lililopigwa kwa mbele.

Walikuwa wanakimbia. Wote. Na mimi, dada mtu, nilikaa siku tano na sindano nikifuta ushahidi wao kwa ustadi wangu wote.

Hofu ikanitoka, ikabaki hasira tupu.

"Bado moja tu, fundi?" Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Nani alikuambia yazibwe haya matundu?" nikamuuliza.

"Fundi, tafadhali. Kesho mgeni rasmi..."

"Mgeni rasmi ni nani?"

Nilimuuliza makusudi, kadi za mwaliko nilikuwa nimeziona. Ni mzee anayeheshimika siku hizi, jumba hilo amelikarabati yeye. Wakati wa vita ndiye aliyekuwa kamanda wa askari wale.

"Ni mtu mzima sasa," akasema kwa sauti ndogo. "Watu wanataka kusahau, mama."

"Mama yangu hajaomba kusahau. Ameomba kujibiwa."

Akayaona matundu. Rangi ikambadilika usoni, lakini akajikaza. Akayabeba mashati kumi akaenda kuyatundika mwenyewe kwenye kabati la kioo, vifua mbele, matundu akiyafunika kwa riboni nyeusi. Akafunga kwa ufunguo akautia mfukoni. La kumi na moja nilishalificha, naye kwa haraka zake hakuyahesabu. Lilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya nyuzi. Ndiyo, niliiba. Aniite mwizi anayetaka.

Mama siku hizi haoni vizuri, lakini vidole vyake havijazeeka. Nilifika nyumbani nikamwekea shati mapajani. Akaipapasa kola. Akashuka mpaka kifungo cha tatu, akakishika muda mrefu. Kisha akaligeuza shati, kidole kikatafuta mgongo.

"Zimeingia ndani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakimbia."

"Ndiyo."

Nilitegemea atalia. Hakulia. "Nitafutie kanga yangu nzuri," akasema. "Kesho tunakwenda wote."

Asubuhi ukumbi ulijaa suti na manukato. Mgeni rasmi alisoma hotuba kuhusu amani, akapigiwa makofi, akavuta kitambaa kilichofunika kabati.

Makofi yakafia njiani.

Mashati kumi yalikuwa yametupa mgongo. Riboni zote zilikuwa chini. Mikono ya mashati ilikuwa imerushwa mbele na nyuma, mwili mzima umeinamia ukuta, kama watoto wanaokimbia kwa nguvu zao zote, wanatukimbia sisi, wanamkimbia yeye. Katikati ya kila mgongo, tundu. Na kati yao palikuwa na nafasi moja tupu.

Mkurugenzi aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo alikuwa nao.

Mama akaniachia mkono. Akatembea peke yake hadi mbele, akilifuata kwa miguu zulia lililotandikwa katikati ya ukumbi, akamkunjulia yule mzee shati la mwanawe.

"Weka kidole," akamwambia. "Hapa, mgongoni. Uwaambie watu nani alimvamia nani."

Hakuweka. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, akageuka. Na alipogeuka kutupa mgongo, sisi tuliokaa mbele tukasikia sauti ndogo ya kitambaa kinachochanika... *trrr.* Hatukuona kilichochanika. Walinzi wake walishamzunguka.

Kibao cha shaba kiliondolewa wiki hiyo. Kipya hakijaandikwa, ukutani yamebaki matundu manne ya misumari. Na mashati? Mkurugenzi aliyageuza mara mbili, akaacha. Asubuhi yanakutwa yametupa mgongo tena. Mzee Tochi ameacha kazi.

Siku ya tatu baada ya ufunguzi, jioni, kijana mmoja alisimamisha gari mbele ya kibanda changu. Nilimtambua, ni dereva wa yule mgeni rasmi. Akaweka koti la suti mezani, ghali, bitana ya hariri.

"Fundi, lizibe hili tu. Na tafadhali usiniulize."

Mgongoni, kati ya mabega, palikuwa na tundu la kuingia kidole. Nikalipapasa. Nyuzi zilikuwa zimeingia ndani. Hapakuwa na damu wala alama ya kuungua. Koti lilinuka chaki.

Safari hii niliuliza.

"Bosi wako ni mzima?"

"Mzima." Akatazama nyuma yake, barabarani, kisha akaninong'oneza. "Ila hili ni la nne, fundi. Kila anachovaa. Na usiku anasema kuna watu wanakimbia koridoni... halafu wanasimama mlangoni kwake."

Nikalikunja koti vizuri, nikamrudishia.

"Mwambie matundu haya hayazibwi. Mwambie aende kwenye ule uwanja wa shule, akawaombe radhi watoto wenyewe."

Aliondoka. Nilizima taa, nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kwa mama. Analala vizuri siku hizi, shati chini ya mto wake. Mimi ndiye silali. Kila asubuhi kabla sijavaa blauzi naigeuza kwanza, napapasa mgongo. Hadi leo sijakuta kitu. Lakini niliziba kumi, na wanaujua mkono ulioziba.