Achia Kitufe, Mjomba

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza redio. Feni ya mapanga mawili. La tatu lilishastaafu. Mezani, katikati ya vipande vya waya na harufu ya lehemu, vikopo viwili vya plastiki vya kuhifadhia chakula.

Chakula hakimo. Fundi alitumia miezi mitatu kuvijaza: koili za waya wa shaba alizozungushia mrija wa kalamu, betri, kitufe cha kengele ya mlango, na spoku ya baiskeli juu kama antena. Alianza kwa kujifurahisha. Alitaka kuongea na mama yake aliye jikoni bila kuinuka kitandani. Uvivu nao una wasomi wake.

Kisha Mjomba akaviona.

Mjomba ndiye mkubwa wa kundi, na ni mjomba kweli: kaka wa mama yake Fundi, aliyemlea tangu baba alipofariki. Kundi lenyewe watu watatu. Wa tatu ni Kufuli. Hakuna mlango uliowahi kumkataa, isipokuwa wa mama mkwe.

"Sikilizeni." Kidole cha Mjomba mezani. "Sonara anafunga saa saba, anakwenda kula. Sisi tuko chumba cha jirani. Ukuta umebaki matofali manne. Kufuli anafungua kasha. Tunatokea mlango wa nyuma, gari liko uchochoroni. Fundi yuko juu ya paa, ng'ambo ya barabara. Mtu akija, anasema."

"Na mkishatoka, mimi?"

"Tunakupitia. We si damu yangu?"

Fundi akainua kikopo. "Basi shika haya, Mjomba. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Vyote kwa pamoja haiwezekani. Halafu vikopo hivi vinarusha kwenye FM, kama redio za watu. Havifiki mbali, lakini redio ya mtaani inaweza kutunasa. Maneno mafupi."

Kufuli akaangua kicheko. "Mafupi? Huyu? Alitoa rambirambi mpaka marehemu akachoka!"

Mjomba hakucheka.

Saa saba kasoro dakika tano.

Mjomba alimpandisha mpwa wake mwenyewe. Paa la zege, linachoma kama kikaango.

"Nafunga mlango wa ngazi kwa nje," alisema. "Mtu asije kukushtukia."

"Na nikitaka kushuka?"

"Nikikufuata nitafungua. Unaniogopa?"

Kufuli la mlango likalia *ka*. Fundi akalala kifudifudi, akachungulia. Chini yake, kibanda cha kinyozi. Mteja kapakwa povu. Spika nje inaimba nyimbo za zamani.

Saa saba na dakika kumi.

"Tumeingia," kikopo kikasema.

Wakati huohuo wimbo wa kinyozi ukakatika. Kinyozi akaipiga redio kofi. Wimbo ukarudi.

Fundi akakivuta kikopo mdomoni. Akabonyeza. "Mjomba, tunasikika huku chini. Usiseme tena."

Akaachia. Lakini Mjomba alishabonyeza kitambo, naye alikuwa mtu wa kuongea huku kidole kimeganda. Nyumbani, mezani, msibani: akianza yeye, wengine wote wanakuwa wasikilizaji. Hakusikia kitu. Nyuma ya sauti yake, Kufuli alikuwa anahema, kisha akasema:

"Kasha limekubali. Sasa dogo tunampitia vipi?"

"Nani kasema tunampitia? Nimeshawapigia askari. Kuna mtu juu ya paa ana mitambo. Wakihangaika naye huko mbele, sisi tunateleza nyuma."

"Mtoto wa dada yako huyo!"

"Dada nitamliwaza mimi."

Fundi akaubana mdomo kwa kiganja. Gari la askari lilisimama mbele ya kinyozi. Watatu wakashuka. Mmoja akainua macho kutazama paa. Fundi akagandana na zege.

Wimbo haukuwepo tena. Spika ya kinyozi ilikuwa inaongea, kubwa, safi, kwa sauti ya mjomba wake:

"...na pete za dirishani, Kufuli, usiache kitu cha sonara. Mlango wa nyuma, dakika mbili..."

Wembe ukasimama hewani. Mteja, shavu moja limenyolewa, jingine bado, akakodoa macho. Askari wakatazamana. Wawili wakachomoka kuelekea uchochoroni. Wa tatu akabaki, shingo juu.

Saa saba na dakika kumi na saba.

Mkwaruzo. Mjomba akauliza: "Mpwa, njia vipi?"

Kisha akaachia kitufe.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, pengine maishani, Mjomba alikuwa amenyamaza ili asikie. Kikopo kikawa kinanguruma taratibu. Dole gumba la Fundi lilikuwa juu ya kitufe. Maneno mawili tu: askari nyuma. Lakini hata hayo yangetokea kwenye spika ya kinyozi, na yule askari wa tatu alikuwa bado pale chini.

Mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Spoku ilitoka kwenye baiskeli hiyohiyo.

Fundi akachomoa betri.

Akatoa bisibisi, akaanza na bawaba za mlango. Skrubu ya tatu, kelele zikalipuka uchochoroni. Askari wa chini akakimbilia huko. Skrubu ya sita, mlango ukalala. Kufuli likabaki limefungwa, likining'inia kwenye mlango usiomfungia mtu.

Saa kumi na mbili jioni.

Alijilaza kitandani, viatu miguuni. Jikoni, sufuria zilikuwa zinagongana. Sahani tatu zikawekwa mezani.

"Mwanangu," mama akaita, "mjomba wako umemwona leo?"

Fundi akageukia ukutani.

"Hunisikii? Mjomba wako yuko wapi?"

Sufuria zikatulia. Mama akanyamaza, akisubiri.