Mtazame Mdomo Kwanza

Huyu ni Somoe, mjukuu wangu. Ana tuta moja la kunde nyuma ya jiko.

Anasema amelilima mwenyewe. Nililima mimi. Haya, yaishe.

Asubuhi moja majani yalikuwa yamejikunja. Vidukari wamejaa, weusi, wadogo, kama ufuta uliomwagika.
Wananyonya kunde. Fyo, fyo, fyo.

"Bibi, kunde zangu zinakufa!"
"Zikifa tutampa mbuzi," nikasema. "Futa kamasi, kafanye kazi."

Somoe akachukua kopo. Vidukari ni wadogo mno, hawashikiki. Basi akaokota wadudu wakubwa.
Tap! Koponi. Tap! Koponi.
Kuku wakasubiri. Ko, ko, ko!

Akamwona mmoja mweusi, ana miiba mgongoni, kama mamba mdogo.
"Mwizi ni huyu, Bibi! Ana sura mbaya."
"Na mimi nikiamka nina sura mbaya. Utanitia koponi?"

Somoe akacheka.
"Subiri kwanza, mke mwenzangu," nikasema. "Mtazame mdomo. Anakula nini?"

Tukachuchumaa.
Mamba mdogo akatambaa. Tipu, tipu, tipu. Jani hakulila.
Akamkamata kidukari. Nyam! Akamkamata mwingine. Nyam!

"Bibi! Anakula wezi!"
Kisha Somoe akalitazama kopo. "Koponi nimetia wenzake."

Lo! Kuku mwekundu ameshaingiza kichwa koponi.
"Shii! Shii!" Somoe akakimbia.

Walibaki watano. Kuku kameza wangapi? Hajasema.

Somoe akawarudisha juu ya kunde, mmoja mmoja.
"Samahani. Samahani. Samahani wewe. Samahani na wewe. Samahani."

Kiwavi wa kijani akapita.
"Subiri kwanza," akasema Somoe. "Mtazame mdomo. Anakula nini?"
Anakula jani. Tap! Koponi.

Siku zikapita. Vidukari wakapungua. Mamba wadogo wakajibandika kwenye majani, kimya.
"Wamekufa, Bibi!"
"Nani kakwambia? Waache."

Siku nyingine tena, mgongo wa mmoja ukapasuka. Akatoka mdudu mwekundu, mviringo, mwenye madoa meusi.
"Ndiye yule yule?"
"Ndiye. Amebadili kanga tu."

Kunde zikanyooka. Tukachuma majani, tukayapika kwa nazi. Mbuzi hakupata kitu.

Jioni nikamlaza Somoe. Mara, ziiii! Mbu ndani ya chandarua.
Nikainua mkono.

"Subiri kwanza, Bibi. Nimtazame mdomo. Anakula nini?"

Mbu akatua mkononi mwake.

"Ananila mimi!"
Pa!

Nikachomekea chandarua. Mwenye kunde akalala.