Mwizi wa Petroli Asiyekata Uzi

Kila mtu kijijini Isansa aliijua sheria: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halionekani barabarani. Petroli ilikuwa haba nchini. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya ibada, Mzee Asajile, mkulima wa kahawa, aliliegesha gari lake dogo kuukuu kando ya ghala na kuutia ufunguo mfukoni.

Kisha alitumbukiza ufito ndani ya tangi na kuukata alama kwa kisu mahali petroli ilipofika. Jumatatu asubuhi alipima tena, na alama ilikuwa ileile. Lakini ikifika Jumamosi, petroli ilikuwa imeshuka mno. Iliyotosha safari mbili za Tunduma sasa ilitosha moja tu.

"Yupo mtu anayeninyonya," alimwambia mkewe, Sekela.

"Nani, Baba Ikupa? Hapa tupo sisi na Mbonile tu."

Jina hilo lilimkaa Mzee Asajile kichwani. Mbonile, mdogo wake Sekela, aliishi nao na kutunza miche ya kahawa. Kila Jumapili alikwenda kulala kwa mama yake, na kila Jumapili petroli haikupungua. Je, ushahidi gani tena ulihitajika?

Mzee alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha tangi. Wiki ikapita. Uzi haukukatika, na petroli ikapungua.

"Unaona sasa?" alisema Sekela. "Hakuna aliyefungua."

"Mwizi mjanja," alijibu mumewe. "Anafungua, kisha anafunga uzi upya."

Mtu akishaingiwa na shaka, hata ushahidi wa kumtetea mwenzake huugeuza kuwa kosa.

Jumatatu alimpeleka Mbonile kwa Mzee Jonasi, balozi wa nyumba kumi. Majirani wakakusanyika.

"Nimekuletea mwizi wa petroli," alisema Asajile.

Mbonile alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Shemeji, mimi hata baiskeli siijui. Petroli ningeipeleka wapi? Ningeinywa?"

"Tunduma kuna mpaka. Kila kitu kina mnunuzi pale."

Balozi alikunja uso. "Asajile, huu ni mwaka wa themanini na tatu. Wahujumu uchumi wanasakwa kila mahali. Nikiandika barua, shemeji yako atalala rumande, na mimi sitakuwa na uwezo wa kumtoa. Gari umelipeleka kwa fundi?"

"Ya nini? Gari ni zima. Hata oili haipungui. Siku hizi inapanda yenyewe."

"Lipeleke kwanza. Barua itangoja hadi Ijumaa."

Kesho yake Asajile na Mbonile walikwenda Chapwa, Tunduma, kwa fundi Bashiri. Mbonile alipanda kiti cha nyuma. Asajile alisimama karibu na fundi, akimwangalia mikono, maana yeye hakumwamini hata fundi.

"Jumapili petroli hupungua?" aliuliza Bashiri, baada ya kusimuliwa habari ya ufito na uzi.

"Haipungui."

"Basi mwizi wako ni mcha Mungu, anaitunza siku ya Bwana! Na Jumapili gari hutembea?"

"Sheria hairuhusu. Baada ya ibada linalala."

"Kwa hiyo hupungua gari likitembea tu. Hilo umeliwaza?"

Asajile hakuwa ameliwaza. Ndipo alipoeleza juu ya oili inayopanda. Bashiri aliacha kucheka.

"Mzee, ng'ombe huongezeka kwa kuzaa. Oili haizai."

Alingoja injini ipoe. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi kama maji.

"Nusa."

Asajile alinusa. Ilikuwa harufu ya petroli.

"Mwizi wako huyu hapa," alisema Bashiri, akigonga pampu ya petroli ubavuni mwa injini. "Ndani yake mna kiwambo, kama ngozi ya ngoma. Kikichanika, petroli huteremkia kwenye oili. Oili nyepesi hailindi vyuma, injini hujisaga. Tena ni hatari ya moto. Ukiona oili imepanda na inanuka petroli, usiwashe gari tena. Mwite fundi alipo. Nyinyi kufika hapa salama ni bahati."

"Na mimi nilifurahi ilipopanda," alisema Asajile kwa sauti ndogo.

Bashiri alibadilisha kiwambo, akamwaga oili yote, akaweka mpya pamoja na chujio jipya. "Pima oili kila wiki, injini ikiwa imepoa, gari likiwa mahali tambarare. Ikishuka, uliza. Ikipanda, uliza zaidi."

Wiki iliyofuata petroli ilitosha safari mbili, kama zamani.

Hata hivyo, balozi hakulifunga shauri. "Ulimwita mwizi mbele ya watu. Utamsafisha mbele ya watu haohao. Na utatoa mbuzi."

Asajile hakubisha. Jumamosi alisimama mbele ya majirani, kofia mkononi.

"Mbonile si mwizi," alisema. "Nilipima petroli kwa ufito, nikampima mtu kwa shaka. Nimekosa."

"Shemeji," alisema Mbonile, "sema tena. Mama Ferista kule nyuma hakusikia."

Watu wakacheka. Asajile akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akamkabidhi kamba ya mbuzi, na Mbonile akaipokea kwa mikono miwili.