Nafasi Isiyofagiliwa

Kila akirudi kutoka shuleni, Masikio alinawa, akaketi na shangazi yake kwenye meza iliyojaa waya. Jina hilo alipewa na binamu zake, maana hapakuwa na umbea uliompita. Shangazi alikuwa mtunga programu. Siku hizo alitengeneza mashine ya kulinda friji la dawa la zahanati: ioneshe joto la ndani, na ipige kelele mambo yakiharibika.

Ndani kabisa ya mashine kulikuwa na kiini cha mfumo endeshi, programu inayoziamrisha nyingine zote. Shangazi alitenga humo sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vipimo. Akamwachia Masikio aandike amri ya kuifuta kila mashine inapowaka, kisha aijaribu kwa kuizima na kuiwasha papo hapo, kabla vipimo vya zamani havijafifia vyenyewe.

Lakini sebuleni kulijaa wageni, na mjomba alikuwa akisimulia harusi iliyovunjika. Masikio aliwasha mashine iliyolala tangu jana, akaona kioo kitupu, akaamini nafasi mpya huwa safi. Amri hakuiandika. Alipoulizwa, akasema ameandika na kujaribu, akakimbilia sebuleni kabla bibi harusi hajatoroka.

Mashine ikapelekwa zahanati. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi papo hapo kwa kishindo, ukaunguza kipimajoto na swichi ya friji. Tangu hapo dawa ziliganda usiku na kuyeyuka mchana mlango ulipofunguliwa mara kwa mara, zikaharibika bila kubadilika sura. Kioo kiliendelea kuonesha nyuzi nne.

Babu, aliyekuwa akichomwa pale dawa ya kisukari, alizidiwa akapoteza fahamu. Sebule ikajaa tena, ila safari hii hakuna aliyecheka. Mjomba alinong'ona kwamba mzee alikuwa akilamba sukari kwa siri, na wengine wakaitikia. Muuguzi, aliyekuja kuwapa pole, alisema haelewi: friji halikutoka kwenye nyuzi nne hata alipoacha mlango wazi akipanga dawa.

Masikio akaelewa. Vipimo vile vilikuwa vya kabla umeme haujakatika. Na kesho asubuhi wengine wangechomwa dawa ileile.

"Shangazi," alisema, "ile nafasi sikuifuta. Nilikudanganya."

Shangazi hakumpiga wala hakumkemea. Alichukua funguo, akamgeukia muuguzi. "Usimchome mtu yeyote. Twende."

Walikuta barafu nyuma ya chupa. Shangazi alichomoa kipimajoto kilichoungua, akakishika kiganjani. Kioo bado kilisema nyuzi nne. Dawa zote zilitupwa.

Babu alizinduka, lakini nuru ya macho haikurudi yote. Sasa alimtambua Masikio kwa sauti. Mjomba alipokuja kumwomba radhi, mzee alimwambia angejua atasingiziwa, angelamba kweli.

Kipimajoto kikiwa bado kimechomolewa, Masikio aliandika ile amri, akazima na kuwasha, akazima na kuwasha, mpaka kioo kikabaki kitupu na kengele ikalia. Shangazi akaketi kando yake.

"Na mimi nilikosa, mwanangu. Nilikuamini bila kukagua," alisema. "Kutengewa nafasi si kuikuta safi. Mashine haijui cha jana na cha leo. Husoma inachokikuta, na watu wakaamini. Fagia kwanza, ndipo utandike. Na siku ambayo hukufagia, sema hukufagia, kabla mtu hajalala hapo."