Mpe Saa Mia

"Mpe saa mia, dada. Mpe saa mia tu, utarudi kunishukuru."

Fundi aliyesema hivyo alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mbao katikati ya duka la redio na spika, adhuhuri ya Jumamosi, duka limejaa pomoni na kila mteja anajaribisha wimbo wake. Shati lake la mikono mifupi lilikuwa na kalamu tatu mfukoni na bisibisi moja.

"Nimpe nani?" akauliza mwanamke aliyesimama chini ya ngazi. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na skafu ya manjano shingoni, na sauti yake ilipenya katikati ya nyimbo sita zilizokuwa zikipigana mle ndani. Watu watatu waligeuka.

"Huyu hapa." Fundi aliipigapiga spika kama anayemsifu mwanawe. "Bado mgeni, ndiyo maana unamsikia mkali. Akipigiwa muziki saa mia moja atalainika mwenyewe."

"Spika si mtu, kaka. Sema 'ipe'. Sema 'italainika'."

"Loo! Wewe ni mwalimu?"

"Napima masikio hospitali."

"Kumbe daktari!"

"Si daktari. Mpima masikio."

"Haya, Daktari."

Mpimaji aliuma midomo asicheke. Alikuwa amekuja kumnunulia baba yake spika, wala hakuja kutaniwa. "Sikiliza nikwambie. Ngozi ya koni, ile inayotetema ndani ya spika, inaweza kulegea kidogo dakika za mwanzo, hilo sikatai. Lakini kiwandani wameshaijaribu kabla ya kuifunga. Hizo saa zako mia ni za sikio. Sikio likikaa na sauti mpya wiki mbili linaizoea, halafu mwenye sikio anasema spika imebadilika. Na pale ukutani mmeandika mzigo unarudishwa ndani ya siku kumi na nne. Mtu akingojea saa mia, siku si zitampita?"

Uso wa Fundi ulibadilika kidogo. "Unaniita mwizi?"

"Nakuita mbishi."

"Fundi aliyenifunza kazi alisema saa mia, na yule mzee hakuwahi kunidanganya."

"Basi tujaribu. Moja mpya, moja iliyozeeka, na wewe tukufunge macho uniambie ipi ni ipi."

"Siku nyingine," Fundi akasema upesi akishuka ngazi. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Wateja waliangua kicheko. Mpimaji naye kikamtoka, kicheko kikubwa chenye makali yake, na Fundi akasahau bei ya kitu alichokuwa ameshika mkononi.

Pale dukani wenzake walimwita Fundi Saa Mia. Ndiye aliyebeba spika mbili alizonunua Mpimaji hadi nyumbani kwake, alikoishi na baba yake, mpiga tarumbeta mstaafu aliyeachiwa na bendi masikio yasiyosikia tena sauti nyembamba. Kazi ya kuunganisha waya ni ya nusu saa. Fundi aliifanya kwa saa nne, na Baba akamwonyesha tarumbeta, picha za bendi na hata sare ya zamani iliyokataa kufungwa vifungo.

Ikawa ndiyo safari ya kwanza, na zilizofuata hazikuwa na hesabu. Miezi mitatu simu ya Mpimaji haikutulia.

"Haloo, Daktari wangu. Spika zinaendeleaje?"

"Vilevile kama siku ya kwanza."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi pia vilevile."

"Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi umebadilika tangu asubuhi."

Kwa ajili yake Fundi alijifunza hata kusema. Kila alipoteleza na kuita spika "huyu", Mpimaji alimkata jicho, naye akajirekebisha mbio: "Hii, mpenzi. Hii inasikika vizuri." Mwezi wa tatu hakuteleza tena, na Mpimaji akajisifu moyoni kwamba amemfunza mtu mzima ngeli. Wakapanga kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi Fundi aje azungumze na Baba. Cha kuzungumza kilijulikana.

Ila Mpimaji alikuwa na donda lake. Miaka minne nyuma alichumbiwa na karani mmoja mpole, na karani yule akavunja uchumba kwa maneno mawili: "Nilidhani utalainika." Tangu siku hiyo, kila aliposikia sauti yake mwenyewe ikimtangulia chumbani, alijiuliza ni nani ameichoka.

Basi Jumatatu ile, zimebaki siku sita, alipita dukani saa ya chakula cha mchana, amevaa gauni jipya la zambarau alilotaka Fundi alisifie. Fundi alikuwa amempa mgongo nyuma ya maboksi, simu sikioni.

"Dada yangu, nakuelewa," alikuwa akisema. "Najua ana sauti kali, na mimi siku ile alinichosha masikio. Lakini bado mgeni huyu. Mpe saa mia. Wote huanza hivyo, halafu wanalainika." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Ikifika Jumapili hajalainika, basi. Namrudisha alikotoka, nachukua mwingine. Wapo wengi."

Mpimaji alirudi nyuma hatua moja. Wiki iliyotangulia alishinda kwa dada yake Fundi, akala, akacheka, akasimulia visa vya hospitali mpaka jioni. Kumbe alikuwa akimchosha mtu masikio. Aligeuka na gauni lake jipya, akatoka bila kumgusa mtu.

Jioni simu ililia.

"Daktari wangu, leo hujapita?"

"Nilipita."

"Sikukuona!"

"Ulikuwa na mazungumzo. Jumapili usije."

"Nini tena, mpenzi? Nimekosa nini?"

"Nisije nikakuchosha masikio," akasema kwa upole asiouzoea, akakata. Upole huo ndio uliomliza, kwa sababu alijisikia akijaribu kulainika.

Siku mbili hakupokea. Baba aliuliza mara moja, "Mbona kijana wa spika haji?" Alipojibiwa kwamba ana kazi, akasema, "Sema kwa nguvu, sikusikia," na Mpimaji akajifanya naye hakusikia.

Alhamisi asubuhi aliita namba kumi na saba kwenye foleni ya hospitali, na namba kumi na saba akaingia na kalamu tatu mfukoni.

"Tatizo?" akauliza Mpimaji bila kuinua uso kwenye fomu.

"Kuna mtu nampenda, haniambii kitu. Nahofia nimekuwa kiziwi."

Nje walikuwapo watu wanane. Kazi ni kazi. Mpimaji alimwingiza kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvisha hedifoni, akampa kitufe, akafunga mlango mzito. Wakatazamana kupitia kioo, kila mmoja na maikrofoni yake.

"Ukisikia mlio, bonyeza," akasema kwenye maikrofoni.

Fundi alibonyeza.

"Sijapiga mlio."

"Nimesikia sauti yako."

"Fundi, usinichezee." Subira ikamwishia. "Sauti yangu si kali? Si nilikuchosha masikio, wewe na dada yako? Nipewe saa mia, nisipolainika ikifika Jumapili nirudishwe nilikotoka, uchukue mwingine. Wapo wengi! Nilisikia yote, nimesimama palepale nyuma ya maboksi!"

Ndani ya kioo Fundi alikodoa macho. Kisha taratibu akashika kichwa kwa mikono miwili, hedifoni zikamkaa kombo.

"Mama yangu! Ile ilikuwa spika!"

"Spika ni 'ipe', si 'mpe'. Unajua kusema vizuri kabisa, nimekufunza mwenyewe."

"Mbele yako! Mbele yako tu, mpenzi! Nakuogopa. Ukishageuka wote wanakuwa watu, tangu zamani. Yule si dada yangu wa tumbo moja, ni mteja, dada mwenye saluni. Jumapili ndiyo siku yake ya kumi na nne. Tangu uniseme siku ile juu ya siku za kurudisha, kila mteja namhesabia siku zake." Alitoa simu, akaibandika kwenye kioo. "Hiyo namba. Piga mwenyewe, kwa mdomo wako."

Mpimaji alipiga kwa simu ya mezani na kuiweka sauti nje. Hakuwahi hata kujitambulisha, mwanamke wa upande wa pili aliwahi.

"Nani, dukani? Mwambieni Fundi asije kumchukua! Huyu wa kulia amelainika tangu jana, simrudishi ng'o! Amekuwa mtulivu, wateja wangu wanasinzia vitini."

"Ni sikio lako, dada, ndilo limezoea," Mpimaji akasema kwa mazoea ya kazi.

"Ati nini?"

"Hakuna, dada. Asante."

Alikata simu. Fundi alikuwa akicheka kimyakimya nyuma ya kioo, machozi yakimtoka. Mpimaji alitaka kucheka naye, moyo wake ulishafika nusu njia, ila swali moja lilikuwa bado limebaki.

"Na mimi?" akauliza polepole kwenye maikrofoni. "Ya spika tumeyamaliza. Mimi unadhani nitalainika?"

Fundi aliacha kucheka. Alifikiri, na Mpimaji akaona kwamba anafikiri kweli.

"Mwanzo nilidhani hivyo," akasema. "Jumapili niruhusu nije. Nitakujibu vizuri."

Angemdanganya angempoteza palepale. Mpimaji aliinamia mashine yake. "Bonyeza ukisikia mlio," akasema. "Watu wanangoja." Akampima masikio yote mawili, na yote yalikuwa mazima.

Jumapili saa nane mchana Fundi alifika na suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na boksi begani. Ndani ya boksi kulikuwa na spika moja, ndugu pacha wa zile za Baba, haijawahi kulia.

"Ulinidai jaribio miezi mitatu," alimwambia Mpimaji. "Nimekuja nalo. Mzee, utatusaidia?"

Baba alifurahi kupata cheo. Waliweka spika mpya na ya zamani bega kwa bega, pazia mbele yake. Mpimaji alisawazisha sauti zilingane kwa kifaa chake cha kazi, kisha akamfunga Fundi macho kwa skafu ya manjano. Baba alishika swichi nyuma ya pazia, akachagua mwenyewe ipi ilie, na kila mara ilikuwa tarumbeta yake ya ujanani, rekodi ileile.

"Hii ya zamani," alisema Fundi mara ya kwanza, kwa kujiamini. Mara ya nne alianza kusita. Mara ya saba alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka chini ya skafu, na Mpimaji akamhurumia. Hakutaka tena ushindi. Alikuwa akimtazama mtu akiweka rehani neno la mwalimu wake na jina lake lote la dukani, mbele ya mzee ambaye binti yake ndiye amekuja kumposa.

"Kumi zimetimia!" Baba akatangaza, akisoma karatasi yake. "Amepata nne."

Fundi alifungua skafu. "Nne. Ningerusha sarafu ningepata tano." Hakucheka. "Daktari, umenishinda. Saa mia si za spika."

"Ni za nani?" Mpimaji aliuliza, ingawa alijua. Alitaka kusikia.

"Za sikio. Siku ya kwanza sauti yako iliniingia kama msumeno kwenye bati. Leo nikifunga duka ndiyo sauti ninayoitafuta, na siku mbili usizopokea simu sikulala. Nilidhani umelainika. Hujalainika hata nukta moja, ni vilevile kama siku ya kwanza. Aliyebadilika ni mimi." Alikunja skafu mara mbili, akamrudishia. "Nakuomba usilainike. Nikuoe hivyohivyo."

Mpimaji aliipokea skafu kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" aliuliza Baba.

"Anataka kunioa, Baba!" Sauti ilimtoka yote, mpaka glasi za kabatini zikajibu.

"Hilo nimelisikia." Baba alizima swichi, akaketi. "Kijana, mimi nimeishi na sauti hiyo miaka thelathini na nne. Masikio yangu haya yamepoteza filimbi, yamepoteza ndege, yeye bado namsikia. Akichelewa kurudi kazini nyumba hii inakuwa kubwa mno." Alikohoa. "Lakini sikukatalii. Muulize mwenyewe, mimi nilikuwa wa swichi tu."

Fundi alimgeukia Mpimaji. Mpimaji alikuwa akimtazama baba yake, koti lake lenye viwiko vilivyochakaa, kiti chake kimoja karibu na dirisha. Kisha akaiendea spika mpya, akaipigapiga kama siku ile Fundi alivyoipigapiga ile ya dukani.

"Boksi lake liko wapi?" akauliza.

Moyo wa Fundi ulishuka. "Mlangoni. Kesho nitairudisha dukani."

"Huyu?" akasema Mpimaji. "Humrudishi. Huyu anabaki hapa na Baba, ampigie kelele mimi nikihama."