Lango Lililoletwa Nyumbani kwa Kaberia

Mlango wa nyumba ya Nelius ulikuwa mlango wa kudharauliwa. Kuku aliufungua kwa kifua, na upepo wa mlimani hapo Timau uliufungua bila kubisha hodi. Kwa hiyo jioni ile alipotoka kazini, akausukuma kwa bega kama kawaida, na mlango nao ukamsukuma yeye, alibaki pale nje na sukuma wiki zake mkononi akidhani amechoka kuliko alivyojua.

Haki ya kuchoka alikuwa nayo. Alikuwa wima tangu alfajiri kwenye shamba la maua, akifunga mawaridi katika banda lenye baridi ya friji, na akitoka humo anaipokea baridi ya mlima. Alisukuma tena. Upande wa pili palikuwa na uzito laini, wenye joto kidogo, kama mtu aliyeegemea. Binti yake mdogo, Kendi, alisikika ndani akijiimbia. Ikabidi amwite mumewe Kaberia, aliyekuwa nyuma ya nyumba akichomelea vyuma. Kaberia akaja, akausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka.

"Mama Kendi, umezeeka," akamtania.

Ndani palinuka gunia lililolowa na tumbaku. Hakuna aliyevuta tumbaku katika nyumba ile.

Huko nyuma ya nyumba ndiko kulikosimama lango. Msanii mmoja wa Embu, Gichovi, alikuwa amelipata likiliwa na kutu kwenye shamba lililokuwa la mzungu, lango ambalo enzi za ukoloni liliwafungia nje watu waliozaliwa kwenye ardhi hiyo hiyo. Akataka lisimamishwe katikati ya uwanja wa soko bila ua wala waya, ili Mmeru, Mturkana, Mkikuyu, Msamburu na mgeni yeyote apite akitaka na arudi akitaka, watu wakumbuke walivyotengwa na waone kwamba sasa wanaishi pamoja. Sanaa ya watu wote, aliiita hivyo. Kulirekebisha na kulipamba akamwachia Kaberia. Na Kaberia, ambaye maisha yake yote alitengeneza grili za madirisha na majiko, akalala na kuamka na lango lile kichwani. Alilitengenezea masuke ya ngano ya chuma na mikono iliyoshikana. Hata Nelius, na uchovu wake wote, alikiri kwamba ni zuri.

Ila mlango uliendelea kumkataa. Si Kaberia, si majirani, si mtu wa maziwa. Yeye tu, mtoto wa Embu aliyeolewa huku. Kila jioni alisimama nje mpaka Kaberia aje, na Kaberia akazoea kuuambia mlango kwa mzaha, "Huyo ni wangu," nao ukafunguka. Mzaha huo ulimuuma Nelius. Mbao za nyumba ile alizibeba kwa mgongo wake, leo anaingia kwa kudhaminiwa.

Pasta alikuja, akaomba, akapaka mafuta kizingiti, akanywa chai na kwenda zake. Jirani aliyewahi kufanya kazi Mombasa akasema hilo ni jini, akalieleza kana kwamba amelizaa mwenyewe, lakini la kufanya hakuwa nalo.

Kisha ikaja jioni ambayo Kaberia alikuwa ameitwa na Gichovi uwanjani, akamwacha Kendi ndani akijua mamake yu njiani. Nelius aligonga, akasukuma kwa mikono miwili, na Kendi, mwenye njaa, akaanza kulia akimwita, na Nelius akajibu niko hapa mama, niko hapa, huku ukungu ukishuka kutoka mlimani na kuifuta nyumba ya jirani, na ile harufu ya gunia ikipenya chini ya mlango na kumpanda miguuni, na upande wa pili, karibu kabisa na ubao, kwenye kimo cha uso wake, mtu akakohoa kikohozi kikavu cha mzee aliyekaa sana kwenye baridi, akakanyagakanyaga chini kama anayepasha miguu moto, kisha akasema kwa sauti isiyo na hasira yoyote, sauti iliyochoka kuliko hata yake:

"Kipande."

Nelius akaketi kwenye jiwe la kufulia, akamsikiliza mwanawe akilia mpaka akanyamaza kwa usingizi. Kaberia aliporudi alimkuta hapo, meno yakigongana.

Jumapili walikwenda kwa Igoki, bibi kizee aliyezaliwa kwenye vibanda vya wafanyakazi wa shamba lile la mzungu. Watu walimwita kutuliza nyumba zenye misukosuko. Alisikiliza huku akimenya viazi, hata hakushangaa.

"Huyo si shetani," akasema. "Ni mtu wa kazi."

Akawasimulia kwamba langoni pale aliwekwa mlinzi, mtu wao kabisa, jina lake Muthamia, wa kuuliza kila Mwafrika kipande chake, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaliwa shingoni. Mwanzo aliuliza kwa aibu, baadaye akauliza tu. Siku moja mama yake mzazi alimletea uji, na Igoki, msichana mdogo wakati huo, alimwona kwa macho yake akimtazama mama huyo kama mgeni, akamdai kipande, akamrudisha. Uhuru ulipokuja mzungu aliuza shamba akaondoka, na hakuna aliyemwambia Muthamia. Alisimama pale na gunia lake mabegani mpaka baridi ikamuua.

"Sasa shosho, tufanye nini?" Nelius akauliza.

"Mumeo ndiye mwenye lango saa hii. Amwambie kazi imeisha, aende kwao. Halafu mlikate hilo lango, msiache hata nguzo. Likibaki limesimama litatafuta mtu wa kulisimamia."

Njiani Kaberia akasema wageni wa Gichovi wanakuja kulizindua, na yule mlinzi akishaondoka, chuma kitafanya nini? Hajawahi kutengeneza kitu kama kile, na hatatengeneza tena. Nelius alikuwa na la kujibu, lakini maneno yalikuwa mazito kuyainua, na kesho ni kazi. Akaliacha lipite.

Jua lilipozama Kaberia alisimama mbele ya lango. "Mzee, kazi imeisha," akasema polepole. "Bwana alienda zamani. Enda nyumbani."

Kisha pakasikika kitu kizito na chenye maji kikianguka chini, kama mtu aliyetua mzigo, na hatua za kuburuta zikateremka kuelekea bondeni. Harufu ikaisha. Nelius aliusukuma mlango, ukafunguka wenyewe, akaingia, akatoka, akaingia tena, akalia kwa furaha. Kaberia alisema anasikia baridi tu, akaomba kabuti.

Kesho yake jioni Nelius alitembea haraka kama msichana. Lango lilikuwa bado limesimama uani, limepakwa rangi mpya. Akausukuma mlango wa nyumba, ukafunguka nusu, ukazuiwa. Kaberia alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo na kabuti lake, akikanyagakanyaga sakafu.

"Wa wapi wewe?" akauliza.

Nelius akacheka. Halafu akanusa gunia lililolowa, akayatazama macho ya mumewe, na humo hakujiona.

"Baba Kendi, ni mimi."

Kaberia akanyoosha mkono, akangoja.

Nelius angeweza kukimbia, lakini mtoto alikuwa ndani. Hatimaye akavua shingoni beji ya shamba la maua, yenye picha yake na jina lake, akampa. Kaberia akaigeuza, akaisoma taratibu, akamrudishia, akasogea kando.

Kendi alikuwa ameketi sakafuni karibu na jiko. Shingoni alikuwa amefungwa kipande cha kadibodi kwa uzi, kimeandikwa jina lake kwa mwandiko wa baba yake. Nelius alipotaka kukivua, mtoto akakishika kwa mikono miwili.

"Baba amesema nisitoe," akanong'ona, "hata nikilala."